Jemadari wa Kushindwa

Shitun, baada ya Sikukuu ya Taa

Kwa dada yangu Guizhen,

Nakusalimu wewe, shemeji Wanlu na huyo mtoto wenu ambaye huku tunamjua kwa jina tu. Natumai barua inawakuta wazima hapo Liuzhi. Kikohozi cha shemeji kimepungua, au bado vumbi la mgodini linamkaa kifuani? Mtoto ameshaota meno? Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti baridi ikizidi, ila kufoka bado anafoka vizuri tu. Nyati wetu ana mimba. Paa lilivuja upande wa jikoni, nimebadilisha vigae vya mawe, sasa limetulia.

Barua yangu iliyopita ilikuwa ya kifo cha baba, na wewe hukujibu. Sikulaumu. Hii nayo usipotaka kujibu usijibu, lakini isome mpaka chini. Kuna habari huko mwisho inayokuhusu na siwezi kuanza nayo, maana utafikiri nimelewa. Na uvumilie mwandiko, unajua shule niliiachia wapi.

Naanzia kwenye banio. Mafuriko ya kiangazi yalilibomoa lile banio la mawe pale Nahe, kijijini kwa watu wa mtoni, kwenye kona ya mto, pale maji yanapozuiwa yapande kwenye mfereji wetu. Zamani za vikosi vya kazi kiongozi angepiga filimbi, watu wote wangeshuka kuziba. Sasa kila nyumba ina shamba lake na hakuna wa kupiga filimbi. Banio liko kwenye ardhi ya Nahe na mawe ya kulijengea yako kwao. Majaruba yao yako chini, maji wanapata hata banio likifa kabisa. Wanaolihitaji ni sisi wa juu. Lisiposimama kabla ya kupandikiza, Shitun nzima haivuni mpunga mwaka huu. Itakuwa mahindi, na mahindi ya kwenye mawe yetu unayajua.

Basi Mzee Gu Zhongtang, kama mkuu wa mchezo wetu, alishuka kuongea na Mzee Cen, baba mkubwa wa shemeji. Alipokelewa vizuri, akapewa pombe ya mchele. Mzee Cen akamwambia kwamba banio linaongeleka, ila zamani tulikuwa tunawapelekea mchezo wetu wa vinyago kila Mwaka Mpya, basi tuupeleke tena, ule wa vita. Alisema anataka asikie siku hizi tunawataja vipi. "Mtu anayekutukana mbele ya wajukuu zako, utambebea mawe?" Ndivyo alivyouliza, huku anacheka, na Mzee Gu alirudi nyumbani hacheki.

Unajua sababu. Mchezo wenyewe ni wa vita vya mbali huko kaskazini, lakini ukichezwa Nahe, wazee wetu walikuwa wanabadilisha. Adui anakuwa mtu wa mtoni. Anaitwa kima, anaitwa mla vyura, anapigishwa magoti, na watu wa Nahe wamekaa pale pale na vigoda vyao wanatazama. Mara ya mwisho, kabla vinyago havijafichwa ile miaka mibaya, walirushiana mawe. Mzee Gu bado ana kovu kwenye sikio.

Wakati huo alikuwepo huku Mwalimu Pang kutoka ofisi ya utamaduni ya wilaya. Mtu mwembamba, miwani imefungwa na uzi. Ametumwa aandike habari za watu wote wa wilaya hii, sisi ambao wazee wetu walitoka Nanjing na jeshi enzi za wafalme, watu wa mtoni, na wale wa milima ya juu, tumefikaje hapa na tumeishi vipi. Mzee Gu akamwomba aandike utangulizi mpya wa mchezo, wa kuimbwa kwanza kabla ya vita, unaoeleza wazee wetu walivyofika na kuwakuta watu wa Nahe. Mwalimu alikubali. Alisema ni kazi ya jioni moja.

Haikuwa ya jioni moja. Waliketi nyumbani kwa Mzee Gu na jiko la makaa katikati, na mimi nimekaa pembeni nashona kitambaa cheusi cha kinyago changu, maana mwaka huu ndio nimeanza kucheza jemadari wa adui mahali pa baba. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa nasikiliza.

Mwalimu aliandika kwanza kama taarifa, mwaka fulani jeshi kadhaa likaingia, familia kadhaa zikakaa. Mzee Gu akasema hiyo inafanana na tangazo la bei ya mbolea, nani atapiga ngoma kwa tangazo la mbolea. Akaimba ya kwake, aliyoachiwa na babu yake, kwamba tulifyeka msitu pamoja na washenzi wake. Mwalimu alishika kichwa. Akamwambia hayo yakifika wilayani wote wawili wataandika maelezo ya kukiri makosa mpaka kope zigeuke mvi. Mzee Gu akasema basi aandike yeye ajuaye kuandika, lakini asimfanye babu yake mwizi. Mwalimu akasema hataki kumfanya mtu yeyote mwizi. Mzee Gu akamuuliza, sasa lile shamba tulilipata wapi, lilianguka na mvua? Hapo Mzee Gu mwenyewe akaonekana kujutia swali lake.

Mwisho Mwalimu akaandika utangulizi mtamu. Jeshi linafika, watu wa mtoni wanatoka na mabakuli ya pombe, wanacheka, wanagawa ardhi kwa moyo mweupe, na tangu siku hiyo sote ni ndugu wa chungu kimoja. Mzee Gu alisikiliza akasema haya hayamtukani mtu. Wakakubaliana.

Mimi nilitumwa Nahe kwenda kutazama uwanja wa kuchezea. Nikapitia kwa Bibi Luo, yule mwenye meno ya dhahabu, akanilazimisha nile. Alikuwa anamenya magimbi na wake za wanawe. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda kwa sababu nilikuwa naangalia bakuli. Nilimuuliza kwao wanasimuliaje tulivyokuja.

Akasema bila kuacha kumenya kwamba tulikuja mpunga ukiwa wa njano. Tukaula. Tulikuwa na njaa, na farasi wetu pia. Babu zao wakakimbilia mlimani, wengine wakauawa njiani, hao mifupa yao iko kule kwenye miti ya misonobari. Waliobaki wakarudi kwa sababu mlimani hakuna chumvi. Baadaye wale wale askari wakaja na kofia mkononi kuomba wanawake. "Tukawapa wale wenye midomo mirefu, ili wajue." Wake za wanawe walicheka mpaka mmoja akajikata kidole. Nikauliza, halafu? Bibi Luo akanitazama. "Halafu nini? Halafu wewe hapo unamaliza wali wangu."

Dada, hakuwa na hasira na hakuwa ananibembeleza. Hata alipofika kwa wale waliouawa hakushusha sauti wala kupandisha. Alisema kama mtu anayekueleza njia, hapa kuna daraja, hapa kuna shimo, pita. Nilirudi nimejua kwamba utangulizi wetu mtamu utatuharibia. Nilimfuata Mwalimu nikitaka kumweleza, ulimi ukagoma kama kawaida yangu. Nilichoweza kusema ni kwamba kule hawasimulii hivi. Akaniuliza wanasimuliaje. Nikamwambia, kama mtu anamenya magimbi.

Hakunicheka. Alivua miwani akaifuta. Akaniambia ananiamini, lakini aliwahi kuandika sentensi moja tu ambayo haikupendeza, akavunja kokoto kifungoni miaka mingi kwa ajili yake, na mke wake hakumsubiri. Tangu hapo, akasema, kalamu yake ikifika mahali penye shimo inaruka yenyewe. Nilimhurumia. Nikarudi kushona kitambaa changu.

Tulishuka Nahe siku ya sita ya Mwaka Mpya. Sanduku la vinyago lilifunguliwa kwa jogoo na ubani kama inavyotakiwa. Unakumbuka sharti. Vinyago vikishatoka, mchezo haukatizwi mpaka virudi sandukuni. Mvua inyeshe, mtu azimie, unacheza. Ukikatiza, wale majemadari wa kale ambao roho zao zimo kwenye vinyago wanabaki nje hawana kwao, na wanaoumia ni kijiji kizima.

Uwanja ulijaa. Watoto juu ya kuta, wazee mbele na vigoda vyao vya majani, Mzee Cen katikati na kiko chake. Mzee Gu alitoka na kinyago cha jemadari mkuu, manyoya yake mawili marefu yanatikisika, akaimba utangulizi mtamu. Anaimba vizuri yule mzee, hata wewe ulikuwa unasema. Alipofika kwenye mabakuli ya pombe na moyo mweupe, watu wakaanza kuangalia pembeni. Ingekuwa heri wangezomea. Mimi nilikuwa nyuma ya kitambaa nasubiri zamu, nikamwona mzee mmoja anasimama polepole, anaokota kigoda chake, anakiweka kwapani. Kisha mwingine. Mama mmoja akamwita mtoto wake ashuke ukutani. Mzee Cen hakuondoka, ila alikuwa anagonga kiko kwenye kiatu kumwaga majivu, na kila mtu anajua mzee akimwaga majivu anajiandaa kwenda. Nilimsikia mwanamke karibu yangu anamwambia mwenzake, "Hao waliotoka na pombe walikuwa wa ukoo gani? Kwetu hawakuwepo."

Niliyaona majaruba yetu yamepasuka kabla hata ya masika.

Upatu ukalia. Zamu yangu. Jemadari wa adui akiingia lazima ajitaje, jina lake, kwao wapi, amekuja kufanya nini. Maneno ya baba ninayajua hata usingizini, kwamba mimi ni fulani wa jangwani, nakunywa damu, naogopwa na mbingu. Nilifika katikati ya uwanja, kitambaa cheusi usoni, kinyago kimekaa kwenye paji la uso, na hakuna aliyekuwa ananiona mimi. Nafikiri ni hilo tu. Ningekuwa na uso wangu nisingethubutu.

Nikasema mimi ni mwenyeji wa Nahe. Kwetu ni hapa hapa, shamba langu ni hilo lililo nyuma ya kigoda cha babu anayeondoka. Sijaenda kumvamia mtu. Nilikuwa navuna. Nimesikia vishindo, nimeinua kichwa, naona farasi wamo ndani ya mpunga wangu na hawajavua viatu.

Mtoto mmoja ukutani alicheka. Yule babu aligeuka kuangalia shamba, kama vile kweli anatafuta farasi.

Mpiga ngoma wetu alishusha fimbo zake. Mzee Gu alikuwa amesimama hatua chache mbele yangu na upanga wa mti. Nilijua angenipiga na upanga ule kama isingekuwa sharti. Angetaka kusimamisha mchezo na hawezi. Jemadari akishajitaja, jemadari mkuu lazima amjibu. Watu wote walikuwa wanamsubiri, na wale waliosimama walikuwa bado wamesimama.

Kisha akaanza kuimba, sauti ya chini, anatafuta maneno moja moja. Akasema yeye alichukuliwa jeshini kwa mlio wa ngoma huko Nanjing akiwa hajaoa. Alitembea mpaka viatu vikaisha, akatembea mpaka ngozi ya miguu ikaisha. Waliambiwa mbele kuna adui. Akafika, akakuta mpunga. Akaimba kwamba aliyemtuma alikuwa anakula huko kwao, na yeye alikuwa hajala.

Hayo hakuyasoma popote. Sijui yalikuwa yamekaa wapi ndani yake siku zote.

Mimi nikamuuliza kama mpunga wenyewe ulikuwa mtamu. Bibi Luo ndiye aliyeanza kucheka, uwanja mzima ukafuata. Mzee Gu akajibu kwamba hakumbuki, alikuwa anatafuna na kulia. Hapo hawakucheka. Nikamwambia wako ndugu zangu walio kwenye misonobari na hawatarudi kuvuna. Akajibu kwamba na wa kwake wako njiani, kila kituo mmoja, na hawajui hata jina la kituo. Kisha akainua upanga, maana mchezo ni mchezo, na mimi nikapiga magoti, maana jemadari wangu lazima ashindwe. Jemadari mkuu hunyofoa manyoya yote mawili ya adui kuonyesha ameshinda. Mzee Gu alinyofoa moja, mkono ukabaki kwenye la pili, akaliacha.

Tuliendelea mpaka mwisho, vinyago vikarudi sandukuni. Watu walikuwa wamekaa tena. Mzee Cen alijaza kiko upya. Alimwambia Mzee Gu kwamba ule utangulizi wapewe wapishi wawashie moto, lakini hayo yaliyofuata ameyasikia. Na banio, tushuke baada ya Sikukuu ya Taa na kamba zetu na chakula chetu, na yule kijana wa nyoya moja abebe mawe makubwa. Wengine kwao hawakufurahi. Mmoja aliuliza kwa sauti kama misonobari sasa ni kitu cha kuchezea. Lakini kazi imeanza. Nakuandikia mabega yamechubuka, na ukuta umeshatoka juu ya maji.

Sasa nakuja kwenye ile habari.

Siku ya pili Mzee Gu aliniita kwake. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la vinyago. Akaniambia nimemvua nguo mbele za watu, na kinyago hanipi tena, wala mwaka huu wala mwaka ujao. Nikasema sawa. Nilikuwa nageuka kuondoka, akasema, "Damu imekuita." Halafu akashtuka kwa alilosema, akaniambia nikae.

Akaniuliza kama najua kwa nini jemadari wa kushindwa amekuwa wa ukoo wa Zhan tangu mwanzo. Nikasema labda hakuna mwingine aliyemtaka. Akasema hilo ni kweli nusu. Zhan wa kwanza hakutoka Nanjing, dada. Alikuwa kijana wa ukoo wa Luo, wa Nahe, aliyekamatwa mpungani. Ofisa mmoja asiye na mtoto wa kiume akamchukua, akampa jina lake. Mchezo ulipoanza hapa, wakasema adui achezwe na anayejua kuwa adui. Kila mwanamume wa Zhan huambiwa hayo siku anapokabidhiwa kinyago, na wakuu wa mchezo huambiwa ili wajue wa kumkabidhi. Baba alikufa machimboni kabla ya kuniambia.

Kwa hiyo baba alijua. Alipokukataza shemeji Wanlu na kusema damu ya mtoni haiingii nyumbani kwake, alijua imo ndani na ndiyo iliyojenga nyumba. Mzee Gu aliniambia baba alikuja kwake mwaka ule analia. Wala hakumdharau Wanlu, alimsifu hata. Alichoogopa ni wimbo. Unajua kwao Nahe arusi haikamiliki mpaka wanawake waje mlangoni kwa bibi arusi waimbe pande zote mbili zimetoka wapi, baba kwa babu, mpaka mwanzo. Bibi Luo anaujua wa kwetu. Angeuimba mlangoni, Shitun nzima ikisikia, na baba alikuwa ameishi maisha yote akiitwa mtu wa Nanjing. Mzee Gu ndiye aliyemshauri akatae. Hilo pia alilisema, bila kuniangalia.

Mkatoroka usiku kama wezi, na baba akazikwa bila wewe, kwa ajili hiyo.

Nilimweleza mama. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza ungo wote, kisha akasema, "Wimbo tu?" Tangu siku hiyo ndilo analolisema, akiwa jikoni, akiwa anafunga kuku, wimbo tu. Jana alishuka mwenyewe mpaka Nahe na magoti yake hayo. Alirudi jioni akaniambia nikuandikie haya. Amemwambia Bibi Luo wimbo wa arusi yenu haujaimbwa na ni deni, basi aje auimbe mlangoni kwetu, mlango wa mbele, siku banio litakapofungwa. Bibi Luo amekubali, ila amesema hawezi kumwimbia bibi arusi asiyekuwepo.

Mwalimu Pang alikuja kuniuliza ukoo wa Zhan auandike vipi kwenye kitabu chake. Nimemwambia asiandike kwanza. Akae karibu na mlango siku hiyo, asikie sauti itakavyotoka, kisha aone kama kalamu yake itaruka. Amesema atajaribu. Mzee Gu naye mama amemwalika. Hajasema ndiyo wala hapana, ameuliza tu kutachinjwa nini.

Njooni kabla ya kupandikiza. Mwambie shemeji baba yake mkubwa anamtaja. Mbusu mtoto, mtajie jina langu alijue. Mama anakusalimu na anasema mje na nguo za baridi, milimani bado kuna umande mzito.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,

Zhan Shoulin